Mtoto Hanyonyi Chuchu, Ananyonya Titi

Kijitabu kwa mama mwenye chuchu bapa au zilizozama, na kwa wote wanaomzunguka

KWA NINI TUMEKIANDIKA

Malalamiko yamezidi. Mama anajifungua salama, mtoto anawekwa kifuani, anatafuta, anakosa cha kushika, analia. Kisha mtu aliye karibu, awe mhudumu, ndugu aliyeleta chai au mzazi mwenzake wa kitanda cha pili, anatamka: "Wewe huna chuchu." Basi. Hakuna anayekaa naye kumwonyesha la kufanya. Kesho yake anaruhusiwa, anafunga kanga zake anaondoka, na siku ya nne au ya tano anarudi amembeba mtoto wa manjano, midomo imekauka, hana nguvu hata za kulia.

Wengine hawarudi kwetu. Wanakwenda dukani kununua kopo la maziwa na chupa, wakiamini kwamba hawakuumbwa kunyonyesha, na imani hiyo wanaibeba hadi mimba ya pili na ya tatu.

Tunajua wasomaji wengi hawatuamini. Mmefokewa kliniki. Wauguzi wa zamu mbili wamewaambia mambo yanayopingana katika siku moja. Hatuwaombi mtuamini kwa sababu ya mhuri. Tunaomba msome, mjaribu, mhesabu nepi za mtoto kama tutakavyoeleza, na mjionee.

ONYO LA KWANZA: KICHANGA ANAYELALA TU

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na ndilo linaloweza kuua.

Chuchu bapa haimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni saa anazokaa na njaa huku watu wazima wakijadili chuchu ya mama yake. Kichanga aliyeshindwa kushika titi hulia mwanzoni. Akikosa, huchoka. Akichoka, hulala. Wageni wanaingia, wanamfunua uso, wanasema, "Mtoto mpole huyu, hasumbui." Mama naye hajalala tangu uchungu ulipoanza, anashukuru Mungu. Saa sita zinapita, kisha kumi, kisha kumi na mbili.

Tunasema kwa ukali: huyo si mtoto mpole, ni mtoto anayeishiwa nguvu. Sukari katika damu yake inashuka. Maji mwilini yanapungua. Rangi ya manjano inaongezeka, kwa sababu kinacholeta manjano hutoka mwilini kwa njia ya choo, na mtoto asiyepata maziwa hapati choo cha kutosha. Manjano ikizidi sana hufika kwenye ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma. Kadiri anavyodhoofika ndivyo anavyozidi kushindwa kunyonya, na kadiri anavyoshindwa ndivyo anavyozidi kulala.

Kwa hiyo, siku za mwanzo mtoto asipitishe saa tatu bila kupata maziwa, mchana na usiku. Anahitaji kulishwa mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Akilala kupita muda huo, mwamshe: mvue nguo abaki na nepi, mweke kifua kwa kifua, msugue nyayo na mgongo. Mpeleke kwenye titi. Akishindwa kushika baada ya kujaribu kwa utulivu, usingoje zamu nyingine ya saa tatu. Kamua maziwa yako, umpe kwa kijiko au kikombe, hapo hapo.

Hajashika titi? Kamua, mpe kwa kikombe. Maneno hayo yaandikwe juu ya kadi ya kliniki, yabandikwe ukutani, shangazi akumbushwe, baba wa mtoto akumbushwe. Ukipoteza kijitabu hiki leo, baki na hayo.

Utajuaje kwamba anapata? Hesabu mkojo. Siku ya kwanza akojoe angalau mara moja, siku ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, na kuanzia siku ya tano angalau mara sita kwa saa 24. Choo cha kwanza ni cheusi kinachonata. Kufikia siku ya nne au ya tano kiwe kimegeuka kuwa cha njano. Ikiwa bado ni cheusi siku ya tano, hapati maziwa, hata kama anaonekana kanyonya saa nzima. Mkojo wa rangi ya chai, au doa la rangi ya tofali kwenye nepi baada ya siku ya tatu, ni ishara hiyo hiyo.

Kila kichanga hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, kisha huurudia ule wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Lakini aliyezaliwa na kilo 3 akishuka chini ya kilo 2.7, aonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo. Na mtoto aliyekataa kunyonya kabisa, aliyelegea, mwenye homa au mwili wa baridi, mwenye utosi ulioingia ndani, aliyepata manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au mwenye manjano iliyofika viganjani na nyayoni, apelekwe hospitali sasa. Asisubiri asubuhi. Asipakwe dawa utosini kwanza. Asianikwe juani kwa matumaini kwamba manjano itapungua.

ZIJUE CHUCHU ZAKO

Chuchu za wanawake zinatofautiana kama pua zao zinavyotofautiana. Nyingine ni ndefu, nyingine fupi, nyingine zimelala sawa na ngozi inayozizunguka; hizo ndizo tunazoita bapa. Nyingine zimeingia ndani kama kishimo. Hizo ndizo zilizozama. Wapo wenye moja iliyozama na moja ya kawaida. Mara nyingi mtu huzaliwa nazo hivyo, kwa sababu nyuzi na mirija iliyo nyuma ya chuchu ni mifupi na inaivuta kwa ndani. Hukuzisababisha kwa kuvaa sidiria ya kubana, wala si adhabu ya jambo lolote ulilofanya.

Umbo unaloliona kwenye kioo halitoshi kukuambia kitu. Weka kidole gumba na cha shahada kwenye ukingo wa eneo jeusi linalozunguka chuchu, kisha bana taratibu. Ikitokeza mbele, umbo lake halitakuzuia kunyonyesha, hata kama ikiachwa inalala tena. Ikitokeza kidogo na kurudi ndani mara moja, utahitaji msaada siku za mwanzo. Ikizidi kuzama unapobana, utahitaji msaada zaidi na subira zaidi, na muda wa kukamua utakuwa mrefu. Wenye chuchu za aina hii ya mwisho ni wachache.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ngozi ya titi hulainika na kuvutika zaidi mimba inavyokua, na huendelea hivyo katika juma la kwanza baada ya kujifungua. Mtoto mwenyewe, kila anaponyonya vizuri, anaivuta. Wanawake wengi waliohangaika na mtoto wa kwanza hukuta mtoto wa pili anashika bila tabu.

Je, uzivute wakati wa ujauzito? Hapana. Zamani wajawazito walifundishwa kuzivuta na kuzisugua kila siku, au kuvaa vikombe vya plastiki ndani ya sidiria. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha njia hizo na kutokufanya chochote. Hazikuwasaidia akina mama kunyonyesha, na wapo waliokata tamaa mapema. Isitoshe, kuchezea chuchu mimba ikiwa imekua huweza kuamsha mikazo ya tumbo la uzazi. Anayekuagiza uzivute mpaka ziume, awe nani, usimfuate. Kazi yako wakati wa ujauzito ni kumwonyesha mkunga matiti yako mara moja na kumwomba aandike kwenye kadi, ili siku ya kujifungua wodi iwe inajua.

MTOTO ANASHIKAJE?

Mama wengi hudhani chuchu ni bomba na mtoto kazi yake ni kufyonza. Ndiyo maana neno "huna chuchu" huwavunja moyo kiasi kile.

Mtoto anaponyonya sawasawa, anachukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya lile eneo jeusi na nyama ya titi iliyo chini yake, anavirefusha ndani ya mdomo, na katika alichokishika chuchu ni kama theluthi moja tu. Ulimi wake unafanya kazi chini ya titi, kwenye mirija ya maziwa iliyo nyuma ya chuchu. Chuchu yenyewe inagusa kaakaa lake kwa juu, na mguso huo ndio unaomwambia: nyonya.

Kwa hiyo tatizo la chuchu bapa ni dogo kuliko linavyosemwa, na lina mahali pake. Maziwa yapo. Mirija ipo. Kinachokosekana ni ule mguso wa kwanza kaakaani. Mtoto anafungua mdomo, anaona ulaini mtupu, haelewi kwamba amefika. Dawa yake ni kumjaza titi zaidi mdomoni mpaka kaakaa liguswe.

SAA YA KWANZA

Tumia saa ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa sasa hivi yuko macho kuliko atakavyokuwa jioni, na titi bado ni laini, halijajaa. Hakuna wakati mzuri zaidi kwa mwenye chuchu bapa. Mtoto akaushwe, awekwe tumboni kwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe kwa juu, aachwe atafute. Kumpima uzito na kumvisha kunaweza kusubiri. Hata aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kuwekewa mtoto kifuani mara anapopata fahamu; ndugu au muuguzi amshikilie.

Usimsukume kichwa. Mtoto anayesukumwa kisogo hujipinda nyuma na kupambana na titi, na ukirudia mara kadhaa ataanza kulia kila anapoliona. Mshike mabegani na shingoni, mwili wake wote ukigeukia wako, tumbo kwa tumbo, pua ikielekea chuchu. Ngoja afungue mdomo kama anayepiga miayo. Hapo mlete yeye kwenye titi, usipeleke titi kwake, kidevu kikitangulia.

Kabla hajashika, amsha chuchu: izungushe taratibu kati ya vidole, au iguse kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Kamua matone machache ili midomo yake ionje. Kisha shika titi nyuma kabisa ya eneo jeusi, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, ulibane kidogo liwe jembamba kufuata upana wa mdomo wake. Vidole vikikaa karibu na chuchu vinamzuia.

Jaribu kumpakata chini ya kwapa, miguu yake ikielekea mgongoni kwako. Hapo unauona mdomo wake vizuri na mkono wako unakiongoza kichwa bila kukisukuma. Wengine hufanikiwa wakiegemea nyuma kwenye mito, mtoto akiwa juu ya kifua, uzito wake wenyewe ukimzamisha kwenye titi. Anayeshindwa upande mmoja huenda akaweza upande mwingine. Anza na ule ulio rahisi.

Akishika vizuri utaona mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaoonekana juu ya mdomo ni mwingi kuliko wa chini. Utamsikia akimeza. Maumivu makali yanayoendelea maana yake hajashika sawasawa: ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake, mtoe, anza upya. Usivumilie kwa kuuma meno. Chuchu iliyochanika hufanya kila jaribio linalofuata kuwa gumu zaidi.

BOMBA LA SINDANO: LITUMIE KWA USAHIHI AU LIACHE

Njia hii ni nzuri na ni ya bei ndogo. Ilielezwa na madaktari wa India mwaka 1993, na hutumika mahali pengi. Lakini imevuka kutoka mdomo hadi mdomo na kuharibika njiani, kwa hiyo tunaieleza kwa urefu.

Unahitaji bomba jipya la mililita 20, au la mililita 10 ikiwa chuchu ni ndogo, bila sindano. Chomoa kile kipande cha ndani kinachovutwa. Kwa wembe mpya, kata na kuondoa upande wa mbele, ule wenye ncha ambako sindano huchomekwa. Sasa kirudishe kipande cha ndani kwa kukiingizia upande uliokatwa. Upande ambao kiwanda kiliuacha laini ndio utakaogusa mwili wako. Hapa ndipo watu hukosea: wanaweka upande uliokatwa kwenye titi, na kingo zake zinachana ngozi.

Weka upande laini juu ya chuchu, vuta taratibu mpaka chuchu iingie ndani ya bomba, shikilia kwa nusu dakika hadi dakika moja. Ukisikia maumivu, sukuma kidogo kupunguza mvuto. Na kabla ya kutoa bomba, sukuma kwanza. Usilibandue kwa nguvu. Fanya mara kadhaa kwa siku, na hasa muda mfupi kabla ya kunyonyesha, kisha mpeleke mtoto mara moja chuchu ikiwa bado imetokeza. Njia hii ni ya baada ya kujifungua, si ya wakati wa ujauzito.

Bomba la mwenzako usiguse. Bomba lililotumika kwa mgonjwa usiokote. Tumepokea taarifa za wazazi wa wodi moja kupokezana bomba moja lililokatwa. Jambo hilo ni la hatari, kwa sababu chuchu huweza kuwa na michubuko isiyoonekana na maambukizi ya damu hupita hapo. Kila mama na bomba lake, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kutumika, lihifadhiwe kwenye chombo safi chenye kifuniko.

Kwa sababu hiyo hiyo, asiletwe mtoto mkubwa wa jirani, wala mtu mzima yeyote, kukuvuta chuchu kwa mdomo. Wala usitumie chupa ya soda iliyotiwa maji ya moto kuvuta titi. Ukikosea joto, utaungua mahali ambapo mtoto anapahitaji.

KUKAMUA NA KIKOMBE

Tunarudi palepale, na tutarudi tena. Mtoto mwenye mama wa chuchu zilizozama huenda akachukua siku kadhaa kujifunza, pengine wiki mbili. Siku hizo zote lazima ale, na titi lazima litolewe maziwa, kwa kuwa titi lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza. Kukamua kunafanya kazi zote mbili.

Osha mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, vikiwa umbali wa sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, na usivute chuchu. Haitoi kitu kwa kuvutwa. Dakika chache za mwanzo huenda usione hata tone. Endelea. Hamisha vidole kuzunguka titi lote, badilisha titi, rudia. Anza ndani ya saa ya kwanza ikiwa mtoto hakushika, kisha angalau mara 8 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

Siku ya kwanza utapata dang'a, maziwa mazito ya njano, na utapata kidogo. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, ni mlo wa kutosha kwa kichanga wa saa chache. Hapa ndipo mama wanapokata tamaa: wanaona matone na kusema "sina maziwa", na bibi anaagiza maji ya sukari. Hayo matone ndiyo chakula chake na kinga yake ya kwanza. Usiyamwage. Usiyachanganye na kitu.

Mpe kwa kijiko, na yakiongezeka mpe kwa kikombe kidogo kisafi. Mtoto awe macho, ameketishwa wima kiasi mapajani mwako, mikono imefungwa kwa kitambaa. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike tu mdomoni. Atayaramba mwenyewe kwa ulimi. Usimmiminie, atapaliwa. Atapumzika, ataendelea, atafunga mdomo akishiba. Katika joto la Dar es Salaam au Tanga, maziwa yaliyokamuliwa yasiyo kwenye friji yatumike ndani ya saa nne.

Kila mlo uanze na titi kwanza. Kikombe ni cha kumvusha tu hadi atakapoweza.

SIKU YA TATU

Siku ya pili hadi ya nne maziwa huja kwa wingi, na hapo chuchu bapa hupotea kabisa. Titi hujaa, hukaza, ngozi inang'aa, na mtoto aliyekuwa ameanza kushika anateleza kama hajawahi kulijua. Ni kipindi ambacho mama wengi huacha, na wengi wako nyumbani tayari, mbali na mkunga. Aliyetundikiwa dripu nyingi wakati wa uchungu huweza kuvimba zaidi.

Bonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu yote, ukisukuma kuelekea kifuani, kwa dakika moja au zaidi, mpaka uone vishimo vya vidole na eneo jeusi limelainika. Kamua kidogo, kisha mpe mtoto. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha maji baridi. Homa, au sehemu nyekundu yenye maumivu, ni ya kupelekwa kituo cha afya, na huku ukiendelea kutoa maziwa.

CHUPA HAITAKUSAIDIA

Chuchu ya plastiki ni ndefu na ngumu, inagusa kaakaa bila mtoto kufungua mdomo, na maziwa yanamiminika bila juhudi. Kichanga ambaye bado hajajifunza titi laini la mama yake, ukimpa hiyo, umemfundisha kutafuta kitu ambacho wewe huna. Mama mwenye chuchu ndefu huenda akaponea, wewe huponei. Chupa, chuchu bandia za kumbembelezea na maziwa ya kopo visifike karibu na mtoto huyu bila agizo la mtaalamu lenye sababu ya kitabibu. Wala maji, wala maji ya glukosi, wala uji, wala dawa ya tumbo, mpaka miezi sita itimie.

Kuna vikinga vya silikoni vinavyovalishwa juu ya chuchu. Vinaweza kumsaidia mama aliyejaribu yote, maziwa yakiwa yameshaanza kutoka kwa wingi, chini ya uangalizi wa mtu anayejua ukubwa unaofaa na anayempima mtoto uzito mara kwa mara. Akivinunua dukani na kuvivaa mwenyewe, mtoto anaweza kuonekana ananyonya huku hapati kitu.

Nchi yetu haikupandisha unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa bahati. Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala ilipitishwa mwaka 1981. Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 1994 na mpya mwaka 2013. Kiwango cha watoto walio chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee kilikuwa asilimia 59 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, na kikafika asilimia 64 mwaka 2022. Tunajivunia hilo, na wakunga wa nchi hii wana haki ya kujivunia. Muuzaji, au mhudumu yeyote, anayekupa sampuli ya bure ya maziwa ya kopo wodini amevunja kanuni. Mripoti kwa mganga mkuu wa wilaya.

KWA MAMA ANAYEISHI NA VVU

Nawe unanyonyesha, ukimeza ARV bila kuruka, na mtoto akipewa dawa zake. Lakini kwako kushika sawasawa ni jambo zito zaidi, kwa sababu chuchu iliyochanika au titi lenye uvimbe huongeza hatari ya kumwambukiza mtoto, na kuchanganya titi na vyakula vingine kabla ya miezi sita pia kumeonekana kuongeza hatari. Ukiona mchaniko au damu, usimnyonyeshe upande huo. Endelea kuukamua, maziwa hayo yasimfikie mtoto, mnyonyeshe upande ulio salama, na umwone muuguzi siku hiyo hiyo. Usikae kimya kwa aibu.

KWA WANAOMZUNGUKA

Mama wakwe, bibi na shangazi zetu, shikamooni. Ninyi ndio mnaokaa na mzazi siku arobaini, na neno lenu lina nguvu kuliko letu. Msimwambie kwamba ukoo wao hauna chuchu. Mshikieni mtoto akikamua, mfulieni, mpikieni, mhesabieni nepi. Akisema amechoka, mpumzisheni nusu saa, kisha mwamsheni akamue.

Baba, jukumu lako la kwanza ni saa. Kila baada ya saa tatu usiku uliza: amekula? Jukumu la pili ni kuzuia kopo lisiingie mlangoni kwa sababu ya wageni wawili waliosikitika.

Wahudumu, tunawataka mkae. Neno "huna chuchu" lisisikike tena wodini. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, na saa hizo zina kazi yake: mtazameni mtoto akinyonya kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara moja kwa uchache, kabla ya kuandika ruhusa. Ikiwa hajashika, mama asitoke mlangoni kabla hajaweza kukamua na kulisha kwa kikombe mbele ya macho yenu, na arudi mtoto apimwe uzito ndani ya siku tatu. Mwenye kuandika "ananyonya vizuri" bila kuona anamwandikia mtoto hatari.

MENGINEYO

Huduma za mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano katika vituo vya umma ni bure kisera; ukitozwa, uliza kwa uongozi wa kituo. Aliyeajiriwa Tanzania Bara ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini mwajiri anapaswa kumruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Masharti yake yamo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Mwisho, chuchu tunazozizungumzia hapa ni zile ulizokuwa nazo tangu usichana. Chuchu iliyokuwa imetokeza miaka yote, kisha ikaanza kuzama upande mmoja, au ikatoa damu, au ngozi ya titi ikawa kama ganda la chungwa, ni jambo jingine. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya matiti. Nenda hospitali wiki hii hii ukapimwe, uwe unanyonyesha au hunyonyeshi.